Utulivu wa bure upo Mombasa hii hii, sema tumeujaza simu

Siku hizi ukifungua simu kila mtu anakuuzia utulivu. Ati programu ya kukufundisha kupumua, ati wikendi Diani na masaji, ati amka saa kumi alfajiri ukimbie ufuoni halafu uandike dayari. Jamani saa kumi na moja mimi niko jikoni nakoroga uji huku natafuta soksi ya pili ya mtoto, hiyo dayari nitaiandikia wapi?

Mimi niko kwa kazi ya kliaringi, yaani kuwatolea wateja mizigo yao bandarini, na mnaoijua mnaijua. Meli haina Jumapili. Kontena ikimaliza siku zake za bure pale bandarini inaanza kuhesabiwa storeji, yaani ada ya kukaa pale, kwa hiyo mteja akikupigia saa nne usiku si kwamba hana adabu, ni pesa yake inayeyuka. Sasa mtu wa kazi kama hii ukimwambia azime simu siku nzima ndo apate amani ni kama kumwambia aache kazi. Ushauri wangu mimi ni mwingine kabisa, usitafute muda mpya maana haupo, chunga vile vipande vya muda ambavyo tayari viko kwa siku yako na wewe mwenyewe ndo unavijaza simu.

Changu kikubwa ni feri. Naishi Likoni, ofisi iko mjini, na mvukaji wa miguu halipi hata shilingi. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu, pale mlangoni pa Kilindini ni kama nusu kilomita hivi, kungoja ndo huwa kurefu, na ikiwa kuna meli kubwa inaingia au kutoka basi feri inatulia mpaka ipite na hakuna wa kubishana nayo, hata uwe na haraka za aina gani. Zamani muda huo wote nilikuwa najibu wasap. Sasa nikiingia tu pale pa kungojea simu inaingia mkobani na mkoba unakaa kifuani (pia ni usalama, tusidanganyane). Nikipanda nasimama ubavuni, mkono kwenye chuma, msimu wa kusi unaonja chumvi mdomoni. Naangalia wale wa mikokoteni, wanavyoanza kuinama na kushika mipini kabla feri haijagusa ng'ambo, wanajua sekunde yenyewe, halafu ile sahani ya chuma ikilala tu chini wameshatoka mbio. Kelele zipo tele, mama ana kuku, huyu anauza maji, yule amefungulia redio, lakini katika kelele zote zile hakuna inayoniita jina langu. Hapo nimepumzika.

Nyinyi wa Kisauni na Bamburi msiovuka feri mna foleni ya daraja la Nyali, si haba. Kaa dirishani uangalie maji.

Kitu kingine ni mchana. Watu wa Mji wa Kale hili walilijua kitambo, ukipita Kibokoni baada ya adhuhuri maduka mengi mlango umerudishwa, watu wameenda kula na kujinyoosha mpaka karibu na alasiri. Wageni wanatucheka ati watu wa pwani wavivu. Mimi naona jua la saa nane la Mombasa si la kufanyia ubingwa. Ofisini siwezi kutandika mkeka, lakini chakula changu nakila bila kompyuta mbele, na nikimaliza natembea hadi bustani ya pale Mapembeni, kwenye yale mapembe makubwa ya barabarani, nikae kivulini kidogo. Kazi niliyoiacha naikuta vile vile.

Halafu magharibi. Huku kwetu jua linazama kwenye saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, haliachani sana, kwa hiyo huhitaji kengele ya simu kukukumbusha, adhana inatosha hata kama wewe si Muislamu. Kuanzia hapo mpaka isha, kama saa moja na ushei, simu yangu iko juu ya friji. Wateja nimewaambia, kama ni moto piga mara mbili mfululizo. Na wallahi wanaopiga mara mbili ni wachache sana, ya wengine yote yalikuwa ya kungoja.

Ila kina mama wenzangu, hapa niseme ukweli. Wanaume wa huku wana baraza na kahawa tungu, akikaa pale na kikombe chake hakuna anayemuuliza afanya nini. Mwanamke akikaa tu kwenye kiti chake, ndani ya nyumba yake, mikono mitupu, ataulizwa "waumwa?" Nilipoanza hii ya magharibi mama mkwe alidhani tumegombana na mwanawe. Usianze kujieleza, utachoka zaidi. Mimi husema nina shughuli, na siongopi.

Lighthouse, kule Mama Ngina Drive, pia ni kuzuri, mihogo ya kukaanga na ndimu na pilipili, bahari ile pale, lakini nenda katikati ya wiki. Jumapili kule ni watu na tuktuk tu na kila mtu anajirekodi, utarudi umechoka kuliko ulivyoenda.

Na magrupu ya wasap yapunguze. La majirani, la waliosoma pamoja, la kuuziana nguo, nimetoka yote bila kuaga na sijasikia neno. La harusi sijathubutu. Ukitoka kwa grupu la harusi Mombasa utasemwa mpaka bi harusi naye aje aoze mwanawe, kwa hiyo lile nimelizima mlio tu, na mchango nilishatuma mapema ili nisitafutwe.