Mtembeze mama Stoke Bruerne

Dada, umeuliza pa kumtembeza mama mwenye goti bovu, pasiwe na vilima. Mpeleke Stoke Bruerne, kijiji cha Northamptonshire, Uingereza, kando ya mfereji wa boti wa Grand Union. Stesheni ya treni hakuna, nendeni kwa gari.

Anzeni penye makumbusho ya mfereji, halafu fuateni njia ya kando ya maji kuelekea kaskazini. Ni tambarare, na mwendo wa robo saa tu mnafika mdomo wa handaki la Blisworth. Lina urefu wa kama kilomita 2.8 na lilifunguliwa mwaka 1805, lakini ndani hawakuweka njia ya miguu. Zamani farasi aliyevuta boti alifunguliwa, akapitishwa juu ya kilima, huku wanaume wamelala chali botini wakisukuma kuta kwa nyayo, gizani, mpaka upande wa pili. Mama asimame pale ajisikilizie ule ubaridi unaotoka ndani.

Hiyo njia ya farasi bado ipo, ila ina mpando, mwacheni goti lipumzike. Rudini kijijini mkakae karibu na malango ya maji, yale mabwawa madogo yenye milango yanayopandisha na kushusha boti. Yapo saba, na mimi naweza kutazama boti ikishushwa taratibu kama ndoo kisimani hata saa nzima, chai mkononi.

Ikiwa mvua imenyesha jana, vaeni buti. Tope la kule halina adabu.