Kabla hujanunua holsta ya mfukoni, angalia mfuko wenyewe

Wakuu habari zenu. Siku hizi kila nikikaa na ndugu zetu wa Afrika Mashariki hapa Houston, hasa wenye maduka na wale wanaotoka kazini usiku mnene, swali ni lile lile, nimeshanunua kabastola kadogo sasa nikaweke wapi? Na wengine hata hawaulizi, wanakatumbukiza mfukoni hivi hivi pamoja na funguo, simu na chenji, alafu wanaingia kwenye gari wanaondoka. Hiyo kitu inaninyima usingizi kiukweli. Bastola iliyoko mfukoni bila holsta, yaani ala ya kuibebea, triga yake (kile kifyatulio) iko wazi, ufunguo mmoja tu ukipenya pale au kifundo cha kamba ya koti kikinasa, mlio utausikia kwenye paja lako mwenyewe, na ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu, mtu akichanwa pale anaweza kuisha damu ndani ya dakika chache. Kwa hiyo naandika nikijua kuna watu nawafahamu watasoma, na naomba wasome mpaka mwisho.

Niseme la sheria haraka ili tuelewane. Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu mwenye miaka 21 na kuendelea ambaye hazuiwi kisheria anaruhusiwa kutembea na bastola bila leseni. Sasa hapo kwenye "hazuiwi" ndo wengi wetu tunapojikwaa. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kwa kawaida anaruhusiwa kumiliki silaha, lakini uliyeko hapa kwa viza ya masomo, ya kutembea au ya kazi ya muda, sheria ya serikali kuu inakukataza isipokuwa katika hali chache sana, na ukikamatwa nayo unapoteza mengi zaidi ya hiyo bastola. Uliza mwanasheria wa uhamiaji kabla hujaenda dukani, usimuulize rafiki yako. Mimi nashauri leseni ya jimbo ya kubeba bastola uichukue tu hata kama si lazima, kwa sababu utafundishwa na utapigishwa shabaha, na ukipita karibu na shule sheria ya serikali kuu inakutambua tofauti na asiyekuwa nayo. Na jifunze kusoma vibao mlangoni, kile chenye namba ya sheria 30.06 kinamkataza mwenye leseni anayeficha bastola asiingie nayo, kile chekundu cha 51% ni cha baa, huko hata leseni haikusaidii. Posta usiingie nayo kabisa.

Tuje kwenye mfuko sasa.

Sababu ya watu kuchagua mfuko hapa kwetu ni joto. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa huwezi kuvaa koti wala shati zito, unavaa bukta na tisheti, ukiiweka kiunoni ukiinama kupanga mizigo ya chini dukani inachungulia. Mfukoni haionekani, unakaa, unasimama, unabeba gunia la unga, mteja hajui kitu. Faida nyingine ambayo mimi naipenda kuliko zote ni kwamba unaweza kusimama mkono uko mfukoni, umeshaishika, na hakuna anayeshtuka, maana mtu kuweka mkono mfukoni ni jambo la kawaida. Ukisikia wasiwasi wakati unavuta geti la duka usiku hujatishia mtu yeyote na uko tayari.

Ila watu wanaanza kwa kutafuta holsta mtandaoni wakati mfuko wenyewe hawajauangalia. Mimi nasema anza na suruali. Jinzi nyingi mfuko wake wa mbele umekatwa kwa mshazari, mdomo mwembamba, ndani mfupi, ukiweka bastola kitako kinachungulia juu na umbo lote linajichora. Suruali za kadeti na bukta za kadeti ndo nzuri, mdomo mpana, mfuko umeshuka chini. Fanya hivi, ingiza mkono mfukoni, kunja ngumi ukiwa ndani, alafu jaribu kuutoa. Ukikwama, hiyo suruali haifai, haijalishi holsta utanunua ya bei gani, kwa sababu siku ya kuihitaji mkono utakuwa umeshika kitako na hautakuwa mwembamba kuliko hiyo ngumi. Angalia pia kitambaa cha mfuko kwa ndani, vingine ni vyepesi mno vinatoboka ndani ya miezi michache. Fundi cherehani anaweza kukubadilishia kitambaa cha ndani na kukushushia mfuko kwa hela ndogo, na hiyo hela ina faida kuliko holsta ya pili. Akina mama nawaonea huruma hapa, suruali nyingi za kike mifuko yake ni ya mapambo tu, mke wangu alijaribu zote alizonazo akaona haiwezekani akaamua kubeba kiunoni, na nadhani aliamua vizuri.

Bastola nayo lazima iwe ya mfukoni kweli. Hizi za risasi ndogo saizi ya .380 kama Ruger LCP, iliyotoka 2008, ina gramu kama 270 hivi ikiwa tupu na unene wa sentimita 2 na kidogo, hiyo unaivaa unaisahau. LCP Max ya 2021 inabeba risasi 10 kwenye magazini (kikasha cha risasi) na bado ni nyepesi. Revolva ndogo ya Smith & Wesson 642 ina gramu zaidi ya 400 na silinda yake inavimba pembeni, ila nyundo yake imefichwa ndani kwa hiyo haina kitu cha kunasa kwenye kitambaa wakati unachomoa, na risasi zake ni 5. SIG P365 ni bastola nzuri sana lakini inakaribia nusu kilo kabla hujaweka risasi, kwenye bukta itavuta upande mmoja chini mpaka mkanda unapinda, hiyo peleka kiunoni. Na kama unanunua LCP iliyokwisha tumika, angalia namba yake iliyochongwa kiwandani, zile za mwanzo zinazoanza na 370 kampuni iliziita zirudi mwaka 2008 kwa sababu zingeweza kufyatuka zikianguka, hakikisha ilirudishwa ikarekebishwa.

Jambo jingine kuhusu bastola ya mfukoni, mimi nataka triga ndefu na nzito. Zile zenye triga nyepesi fupi bila kifungio cha usalama sizipendi mfukoni hata kama holsta ni nzuri. Kuna watu watabishana na mimi hapo, sawa, ila mfuko ni sehemu ambayo kitu kinasogea siku nzima karibu na mwili na hukioni.

Holsta yenyewe kazi yake ni kuziba triga isifikiwe na kitu chochote, kuifanya bastola isimame wima kitako juu bila kugeuka, na yenyewe kubaki mfukoni wakati bastola inatoka. Kuficha umbo kunafuata baada ya hapo. Wauzaji wanaanza na kuficha kwa sababu ndo kinachouzika, picha ya mtu amevaa kaptura na huoni kitu, wewe anza na triga.

Na triga unaipima kwa vidole vyako. Bastola tupu, nasema tupu, magazini imetoka, chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) umeifungua umeitazama na umeingiza kidole ukahakikisha, risasi ziko chumba kingine. Iingize kwenye holsta. Sasa kwa nje bonyeza pale triga ilipo kwa kidole gumba, bonyeza kwa nguvu, sukuma kama unataka kuipata. Ukiisikia triga inasogea kwa ndani, au hata ukiweza tu kuipapasa umbo lake, hiyo holsta irudishe dukani. Za nailoni laini za bei chee nyingi zinafeli hapo hapo. Baada ya hapo igeuze kichwa chini juu ya kitanda na uitikise kidogo, isidondoke yenyewe.

Kuna aina tatu utakazokutana nazo. Ya nailoni yenye povu ndani na mpira wa kunata nje, kama ile DeSantis Nemesis, inauzwa dola 20 na kitu mpaka 30 na kitu, nyepesi, inanata kwenye kitambaa cha mfuko, jasho haliiharibu, na kwa mtu anayeanza mimi namwelekeza huko ila kwa sharti la kile kipimo cha kidole, na ununue ya saizi ya bastola yako, hizi za "inakaa bastola zote ndogo" achana nazo. Ya ngozi ni nzuri kuishika na inashika umbo, zile ambazo upande wa ndani wa ngozi, ule wa kukwaruza, umewekwa nje zinakwaruza kitambaa na kubaki vizuri, ila kwa jasho la Houston ngozi inalowa, inalainika, na bastola ukiilaza humo wiki nzima unakuta madoa ya kutu. Kwa hiyo ya ngozi ukirudi nyumbani itoe ikauke. Alafu ya plastiki ngumu ya Kydex, hii inaziba triga kuliko zote, huwezi kuibonyeza kwa nje hata ufanyeje, ukiingiza unasikia inajifunga tii. Tatizo lake inashika sana, ukichomoa kwa pupa inatoka nayo, umenyoosha bastola ina holsta mdomoni. Zinazofaa zina ndoano inayonasa kwenye pindo la mfuko au kijisehemu cha kusukuma kwa gumba, na hiyo unahitaji kuifanyia mazoezi ya kutosha, si mara moja dukani basi.

Ndoano naisisitiza hata kwenye nailoni na ngozi. Holsta iliyokatwa mviringo bila kona inatoka kirahisi pamoja na bastola, ile yenye pembe iliyochongoka kwa nyuma inajikwamisha kwenye kona ya mfuko na bastola inatoka peke yake. Ukiwa unachagua kati ya mbili zinazolingana, chukua yenye pembe kali zaidi.

Kuchomoa kunafanyiwa mazoezi na bastola tupu ukiwa umevaa suruali ile ile unayovaa kazini. Vidole vinaingia vimenyooka, gumba usiuzungushe kwenye kitako bado, uweke nyuma ya bastola juu, hapo mkono unabaki mwembamba na unapita mdomoni mwa mfuko. Ukishatoka ndo unakamata kamili. Kidole cha shahada kiko nje pembeni, hakigusi triga mpaka mtutu umeelekea unakotaka. Fanya polepole, haraka itakuja yenyewe. Alafu fanya ukiwa umekaa, utagundua kwamba kwenye gari umefunga mkanda bastola ya mfuko wa mbele ni kama haipo, paja limekunjwa na mkanda umepita juu. Usianze kuhangaika kuihamisha kila ukipanda na kushuka, kila unapoishika bila sababu unaongeza nafasi ya ajali. Kubali tu kwamba kwenye gari mfuko ni dhaifu, funga milango na gari ndo silaha yako ya kuondokea.

Kurudisha ndo sehemu ambayo sina msamaha nayo. Usirudishe bastola kwenye holsta ikiwa holsta iko mfukoni. Kamwe. Huoni mdomo wake, holsta inaweza kuwa imejikunja na kitambaa kimeingia ndani, unasukuma mtutu ukiwa umeelekea kwenye mguu wako. Toa holsta, simama, angalia kwa macho, ingiza bastola mtutu ukiwa umeelekea mahali salama pasipo mkono wako wala mtu, alafu viweke vyote viwili mfukoni pamoja. Jioni vilevile, vinatoka pamoja, vinaingia kwenye sefu pamoja. Na mfuko huo ni wa bastola tu, hata karatasi ya risiti isiingie. Simu ipeleke upande wa pili, funguo ning'iniza kwenye mkanda.

Sefu naitaja kwa sababu wengi wetu nyumba zimejaa watoto, wetu na wa ndugu na wa jirani. Suruali yenye bastola mfukoni ikitundikwa mlangoni, mtoto wa miaka 4 anaifikia. Sheria ya Texas inakubana wewe mwenye silaha kama mtoto wa chini ya miaka 17 ameipata kwa uzembe wako, ila mimi siongelei sheria hapo, naongelea mtoto. Kasefu ka kufungua kwa namba kanauzwa bei ya kawaida tu, kanunue siku ile ile unayonunua bastola.

La mwisho ni vumbi la mfukoni. Nyuzi za kitambaa, unga wa dukani, vinaingia mpaka kwenye mtutu na chini ya nyundo. Kila wikiendi mimi naitoa risasi, napuliza, nafuta kwa kitambaa kikavu na tone la mafuta, na holsta naikung'uta naichungulia kwa tochi. Hapo hapo narudia kile kipimo cha gumba, maana nailoni inalainika taratibu bila wewe kujua. Ukiona mdomo wake umeanza kulala bastola ikitoka, au triga imeanza kupapasika, itupe nunua nyingine.