Eti Kanuni ya Imani haimo kwenye Biblia?

Ndugu yangu, unasema tuache kusali Nasadiki, yaani hiyo Kanuni ya Imani, eti haimo kwenye Biblia, ila hebu soma 1 Wakorintho 15:3-4, Paulo anawakabidhi watu yale aliyopokea na yeye, Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, sasa hiyo si kanuni ya imani kabisa? Na kwenye mkutano mkuu wa Kanisa pale Nikea mwaka 325 maaskofu hawakukaa kutunga Biblia nyingine, padre mmoja aitwaye Ario alikuwa anafundisha kwamba Mwana ni kiumbe, tena kwa mistari ya Biblia hiyohiyo, ndo maana mpaka leo tunakiri "aliyezaliwa bila kuumbwa". Ukiitoa ibadani muumini anabaki kumtegemea mhubiri wake tu, na mimi hilo linanitisha sana jamani.