Kichujio changu hakileti kitu, au kinaleta kila kitu

SWALI: Dada, habari za kazi. Mwaka jana niliachana na vikaratasi nikahamishia shughuli zangu zote Todoist, programu ya kupangia orodha ya kazi. Leo nimehesabu: kazi 312, miradi 11, lebo 26. Asubuhi nikifungua nakutana na ukurasa usio na mwisho, nafunga, nafanya lile ninalolikumbuka kichwani. Mwenzangu kazini alinionyesha vichujio vyake alivyovihifadhi. Akigusa kimoja, anabaki na mambo sita tu kwenye skrini. Nikaenda nyumbani nikatengeneza tisa usiku uleule. Vitatu vinatoka vitupu kila siku. Vingine vinamwaga karibu orodha nzima. Nakosea wapi?
Mwenye kazi 312

JIBU: Ndugu yangu, pole. Nimecheka kidogo uliposema tisa usiku uleule, kwa sababu mimi nilitengeneza kumi na vinne. Kila kimoja na rangi yake. Nilivyokuwa nikivifungua kweli ni viwili.

Tuanze na hivyo vitupu, maana nadhani nakijua kilichokupata. Uliandika kitu kama hiki: @simu & @baruapepe. Neno lenye @ mbele ni lebo. Kichwani ulikuwa unasema, "nionyeshe kazi za simu na za barua pepe." Kiswahili chako hakina kosa. Ukimwambia mtoto akuletee vitabu na kalamu, atarudi na vyote. Hatazunguka nyumba nzima akitafuta kitu kimoja ambacho ni kitabu na hapohapo ni kalamu. Programu ndivyo inavyozunguka. Alama ya & inaisimamisha kila kazi peke yake na kuihoji: wewe una lebo ya simu? Na ya barua pepe pia unayo? Kazi ya kumpigia fundi ina ya kwanza, haina ya pili, basi inaachwa nje. Zote zinaachwa nje hivyohivyo, na wewe unabaki unatazama ukurasa mweupe.

Unachokitaka hapo ni "au", kile kistari kilichosimama wima: @simu | @baruapepe. "Na" yetu ya kila siku inakusanya, "na" ya mashine inapunguza. Hesabu hii ya "na", "au" na "siyo" aliiweka sawa Mwingereza George Boole katikati ya karne ya 19, wala hakuwa akifikiria kumpigia fundi.

Sasa vile vinavyoleta kila kitu. Hapa ugonjwa ni mabano. Niliwahi kuandika: @simu | @baruapepe & p1, nikitaka mawasiliano ya dharura tu, yaani simu na barua zenye kipaumbele cha kwanza. Nilitegemea mambo sita. Zikaja kazi 41. Mashine ilikuwa imeshika kwanza vile viwili vilivyofungwa na &, ikasoma: nipe simu zote, hata zile za kusalimiana, kisha uniongezee barua pepe za dharura. Dawa ni kufunga mabano mahali unapotaka mambo yahesabiwe pamoja: (@simu | @baruapepe) & p1. Sita zikarudi. Kila ukichanganya "na" na "au" kwenye mstari mmoja, weka mabano hata kama unadhani hayahitajiki.

Lakini alama ndiyo sehemu rahisi. Kilichonichelewesha mimi ni kudhani kwamba kichujio ni sanduku la kuwekea kazi. Hakihifadhi kazi hata moja. Unachokihifadhi ni swali, na kila ukikigusa linaulizwa upya kwa orodha nzima jinsi ilivyo wakati huo. Ndiyo maana nakuomba usiku wa leo uvifute vyote tisa, uchukue karatasi (samahani, najua uliziacha), uandike maswali ambayo huwa unajiuliza kweli mchana. Yaandike sentensi nzima, kwa lugha unayojisemesha nayo.

Langu la kwanza lilikuwa hivi: "Nimekaa foleni, nina simu mkononi na dakika kumi, nani naweza kumalizana naye hapahapa?" Kisha nikalipitia neno kwa neno nikitafuta ni yapi programu inayajua. "Foleni" haijui. "Simu mkononi" inaweza kuijua nikiipa lebo. "Dakika kumi" pia, lebo ya @fupi. "Kumalizana" maana yake nisiletewe jambo ambalo mpira uko kwa mwingine, na hayo nayatia lebo ya @nasubiri. Ikatoka: @simu & @fupi & !@nasubiri. Alama ya mshangao mbele ni "siyo". Nikakihifadhi kwa jina la Foleni. Juzi nimekaa nasubiri kuitwa, nikakigusa, yakaja manne: kuthibitisha miadi, kumjibu mteja mmoja ndiyo au hapana, kuuliza kipimo cha dirisha, kumpa pole jirani. Nilipoitwa, lilikuwa limebaki la dirisha.

Angalia kwamba swali lile limetumia lebo tatu. Wewe una 26. Ukimaliza maswali yako, lebo ambayo haikutajwa na swali lolote ni pambo. Mimi nilikuwa na @muhimu, na kila kitu kilikuwa @muhimu.

Na sasa jambo ambalo hukuniuliza. Kichujio kinasoma ulichoandika, hakisomi ulichokusudia. Kuna miezi nilikuwa kila kazi naipa tarehe ya leo, eti nijitie bidii. Kichujio cha "leo na zilizopita muda" kikawa kinaniletea 47 kila asubuhi, nami nikakilaumu. Nilichokuwa nimeweka hazikuwa tarehe, zilikuwa matumaini. Nilikaa nusu saa nikazifuta kwenye kazi zaidi ya thelathini. Siku hizi tarehe inakaa pale tu ambapo kuna mtu ananisubiri siku hiyo, au mlango utafungwa nisipoingia. Zilizobaki zinaishi bila tarehe, zinatafutwa kwa lebo na mradi.

Ila uhuru huo una hatari yake, nayo ilinigharimu. Mimi ni mfasiri wa kujiajiri. Siku moja nikitembea niliandika haraka "tuma ankara", sikuweka lebo, sikuweka tarehe, simu nikairudisha mfukoni. Kila asubuhi nilifungua vichujio vyangu, kila asubuhi vilikuwa nadhifu, na ankara haikuwemo hata kimoja kwa sababu hakuna swali lililoihusu. Wiki tatu zilipita kabla sijajiuliza kwa nini mteja kanyamaza. Mteja hakuwa na kosa, hakuwa amedaiwa.

Kwa hiyo nina kichujio kinachokamata vinavyoponyoka kwingine. Kinaandikwa: no date & no labels. Maana yake: bila tarehe na bila lebo. Nimekiita Yatima. Kila Ijumaa kabla sijafunga kompyuta nakifungua, kila yatima anapata lebo, au tarehe, au anafutwa. Kikitoka kitupu, naamini kwamba vingine havinifichi kitu. Ukinisikiliza kwa hicho kimoja tu na kuyapuuza mengine yote, sitakasirika.

Nimebaki na vinne: Dawati, Foleni, Nasubiri na Yatima. Dawati ni kazi zinazotaka kompyuta na utulivu. Nasubiri ni zile ambazo mwingine anazo. Nazipitia mara mbili kwa wiki ili nimkumbushe kwa adabu. Kama toleo lako la bure linakubana kwa idadi ya vichujio, jua kwamba koma hugawa kichujio kimoja kuwa orodha mbili, moja juu ya nyingine. Andika @simu & @fupi, @baruapepe & @fupi nawe utaona simu juu, barua pepe chini, kwa mguso mmoja.

SWALI: Dada, msaada wa haraka. Nilikuwa nasafisha programu, nikafuta kichujio kilichokuwa na kazi za mwezi mzima. Zimepotea?
Mwenye kutetemeka

JIBU: Hazijapotea. Fungua miradi yako utazikuta zimekaa palepale. Umefuta swali, majibu yapo. Andika kichujio upya na zitajipanga kama zamani.

Tahadhari ni upande wa pili: ukiwa ndani ya kichujio ukaifuta kazi yenyewe, imefutika kila mahali, maana ni ileile moja, si nakala. Hapo una haki ya kutetemeka.

SWALI: Dada, salaam. Nilisoma jibu lako la toleo lililopita kuhusu kuhifadhi vichujio, nikatafuta kitufe cha kuvihifadhi kwenye programu yangu ya kazi, Microsoft To Do, nikakikosa. Mke wangu anatumia Vikumbusho vya iPhone na anasema kwake kipo. Nihame?
Mume asiye na kitufe

JIBU: Shemeji, mkeo anasema kweli. Tangu iOS 15, toleo la mfumo wa iPhone la mwaka 2021, Vikumbusho vya Apple vinakuruhusu kujitengenezea orodha ya kuchuja kwa tagi, tarehe, kipaumbele na mengineyo. Huandiki alama yoyote, unachagua tu masharti kwenye orodha.

Microsoft To Do ina orodha zake za kujipanga zenyewe, kama ile ya kazi ulizozitia nyota na ile ya zenye tarehe, ila huwezi kuandika masharti yako ukayahifadhi. Unaloweza kufanya ni kuweka alama ya reli ndani ya jina la kazi, mfano "Mpigie fundi #simu". Ukiigusa #simu, zinakuja zote zenye alama hiyo kutoka orodha zote. Hakuna "na", hakuna "siyo", ni neno moja tu.

Kuhama? Kama kazi zako hazizidi arobaini, usihame, macho yako yanatosha kuzichuja. Kuhama programu kunakula wikiendi nzima, na mara nyingi ni njia ya heshima ya kuzikwepa kazi zenyewe. Nasema nikijua, nimehama mara nne.

SWALI: Kuna kazi ziko kwenye orodha yangu tangu sijui lini. Siziwezi, sizifuti. Kuna kichujio chake?
Mtunza makumbusho

JIBU: Kipo. Kwenye Todoist andika: created before: -90 days & !recurring. Kitakuletea kila ulichokiandika zaidi ya siku tisini zilizopita, ukiacha yale ya kujirudia kama kulipa bili, ambayo yana haki ya kuwa ya zamani. Mimi nimekiita Wazee, lakini sikukihesabu kwenye vile vinne kwa sababu nakifungua mara moja kila miezi mitatu, nikiwa na chai na roho ngumu.

Usijaribu kuzifanya siku hiyo. Isome kila moja kwa sauti. Ukiona kwamba ni mradi mzima uliojificha ndani ya mstari mmoja, "panga nyaraka" kwa mfano, andika hatua yake ya kwanza tu, "nunua faili mbili", kisha ile ya zamani ifute. Ukiona aibu kuisoma, pengine hukutaka kuifanya tangu mwanzo.

Mzee kuliko wote kwenye orodha yangu alikuwa na maneno haya: "Muulize yule kuhusu ile." Nilikaa naye dakika tano nzima. Yule simkumbuki, ile siijui. Nikaifuta.