Nyuki akiuma, wahi mwiba kwanza

Dada, umeuliza kama siki au magadi yatazima sumu ya nyuki mkononi mwa mwanao. Hayazimi. Asidi iliyomo kwenye sumu hiyo si kiini cha maumivu: karibu nusu ya sumu ikikaushwa ni melitini, protini ndogo inayotoboa kuta za seli, na imeshaingia ndani ya ngozi ambako siki haifiki. Wahi mwiba. Ukibaki, kile kifuko chake huendelea kusukuma sumu, kwa hiyo ukwangue kwa ukucha papo hapo. Osha kwa sabuni, kanda kwa barafu iliyofungwa kitambaa. Mwasho ukizidi, setirizini, dawa ya mzio, ya kipimo cha umri wake husaidia. Ila akivimba midomo au akipumua kwa shida, kimbilia hospitali achomwe sindano ya adrenalini, dawa ya mzio mkali. Tafadhali usisubiri.