Korveti za Kanada na misafara ya Atlantiki

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba mabaharia wa Kanada waliosindikiza misafara ya shehena katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia walikuwa wageni wa bahari, na kwamba baadhi ya wanahistoria huwalaumu kwa meli nyingi zilizozamishwa chini ya ulinzi wao. Je, kweli wanastahili kuitwa mashujaa?

JIBU: Wanastahili, ingawa lawama hizo hazikuzuka bure. Jeshi la maji la Kanada, ambalo mwaka 1939 lilikuwa na meli chache mno, lilipanuka hadi kufikia watu karibu 100,000, na wengi wao hawakuwa wamewahi kusafiri baharini. Walipewa korveti, yaani meli za mita 63 hivi zilizobuniwa kwa mfano wa meli za kuvulia nyangumi na kukusudiwa kulinda pwani. Katika Atlantiki ya Kaskazini zilikwenda mrama usiku na mchana, na nyambizi ya Ujerumani ikielea juu ya maji iliweza kuzishinda kwa mbio.

Chukua msafara SC 42, uliotoka bandari ya Sydney, Nova Scotia, nchini Kanada, mwishoni mwa Agosti 1941. Meli zaidi ya 60 zililindwa na meli moja ya kivita ya aina ya destroya, Skeena, pamoja na korveti tatu. Nyambizi zilipoushambulia karibu na Greenland, korveti zilirudi nyuma kuwaokoa waliotumbukia majini, huku zikijua kwamba meli iliyosimama ni shabaha rahisi na kwamba zimeacha pengo katika ulinzi. Kwa hesabu ya kivita huenda lilikuwa kosa. Mimi sina ujasiri wa kuwalaumu. Tarehe 10 Septemba zilifika korveti Chambly na Moose Jaw, zilizokuwa zimetoka bandarini kwa mazoezi, zikaizamisha nyambizi U-501. Mabaharia wa Chambly waliingia ndani ya nyambizi hiyo ilipokuwa ikizama, na mmoja wao hakurudi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, upungufu ulikuwa wa mafunzo na vifaa, hasa rada, ambayo meli za Uingereza zilikuwa na aina bora zaidi. Ndiyo sababu mwanzoni mwa 1943 makundi kadhaa ya Kanada yaliondolewa kwa muda katikati ya Atlantiki, yakapelekwa kufunzwa upya.