Kuhusu sura mbili za uzazi vitabuni
Dada yangu, umeuliza kwa nini miongozo ya wajawazito unayoisoma hapa Dar es Salaam inausifu uzazi, ilhali riwaya zinauonyesha kuwa mzigo. Nionavyo mimi, mwandishi wa ushauri anazungumza na mtu ambaye tayari anatarajia mtoto, hivyo hana budi kumtuliza. Ndiyo maana Benjamin Spock, daktari wa watoto wa Marekani, alikifungua kitabu chake cha malezi cha mwaka 1946 kwa kuwahimiza wazazi wajiamini, kwani wanajua mengi kuliko wanavyodhani. Mwandishi wa riwaya hafungwi na wajibu huo. Buchi Emecheta, mwandishi kutoka Nigeria, katika riwaya yake The Joys of Motherhood ya mwaka 1979, anaanza na mhusika mkuu, Nnu Ego, akikimbia mitaani Lagos kwenda kujirusha darajani kwa sababu mwanawe wa kwanza amefariki, kisha anamfuata hadi anapokufa peke yake kando ya barabara, ingawa amezaa na kusomesha wengine. Anachohoji hapo ni nani hasa hunufaika na sifa anazomiminiwa mama. (Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, wosia wa mama kwa binti yake, hauingii upande wowote, maana unahusu zaidi dini, adabu na ndoa.) Kwa kuwa umesema hofu inakunyima usingizi, ningekushauri umalize mwongozo kwanza, na riwaya hiyo uisome baada ya kujifungua salama.